Ndani ya Maji Hakuna Mkuu

Katika nyumba ya kuogea ya Hisae Nagakura ilikuwa marufuku kumwita mtu kwa cheo chake. Ukishavua viatu na kupita pazia la mlangoni, nyapara alikuwa Bwana Fulani, mhandisi alikuwa Bwana Fulani, na kibarua aliyeajiriwa bandarini asubuhi ileile naye alikuwa Bwana Fulani. Aliyejisahau akatamka "Mkuu" au "Nyapara" aliwanunulia maziwa ya kahawa watu wote waliokuwa ndani wakati huo, wanaume kwa wanawake, waliokwisha kuvaa na wale ambao bado walikuwa na povu kichwani. Hapakuwa na msamaha wala punguzo.

Wageni walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Huku kwetu Kawasaki, kati ya Tokyo na Yokohama, ambako mji mmoja hauishi kabla mwingine haujaanza na dohani ya kiwanda kimoja inaipulizia moshi ya jirani, cheo humfuata mtu mpaka sokoni. Mke wa mkuu wa sehemu huuziwa samaki kabla ya mke wa nyapara, hata kama mke wa nyapara ndiye aliyetangulia kufika. Mtu humwinamia mkubwa wake wa kazini hata kwenye msiba wa mama yake mzazi. Mwaka Hisae alipoolewa katika nyumba ile, alimwona mzee mmoja, fundi wa kupigilia ribiti za meli, akitoka kwenye hodhi ya maji ya moto huku bado anatetemeka kwa baridi, kwa sababu tu nyapara wake, kijana wa kumzaa, alikuwa ameingia. Mzee alisimama pembeni na kitaulo chake, akisubiri kumsugua kijana yule mgongo. Hisae hakusema kitu siku hiyo, maana bibi harusi wa huku hana la kusema. Lakini baba mkwe alipofariki na kiti cha mwenye nyumba kikawa chake, kanuni ilianza kesho yake.

Kiti hicho kilikuwa kirefu kama cha mwamuzi, kimesimama mwisho wa ukuta unaotenganisha upande wa wanaume na upande wa wanawake. Kutoka pale Hisae alipokea ada, akaona pande zote mbili, na akasikia zaidi ya alivyoona. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyopenya mvuke, ukuta na treni ya mizigo inayopita. Hakumpendelea mtu. Kasisi wa hekaluni alilipa. Mume wake mwenyewe, Tamezo, mchochezi wa moto, alilipa mara mbili. Siku moja Tokashiki, dereva wa kreni mwenye asili ya Okinawa, alikanyaga sabuni, akaanguka na kuteguka kifundo cha mguu, akapiga ukelele, "Daktari, njoo unisaidie!" Daktari wa mtaa, aliyekuwa ameketi majini, alikuja akiwa uchi, akamnyoosha mguu. Hisae alisubiri kwa adabu mpaka tiba ikaisha.

"Maziwa ya kahawa, Bwana Tokashiki," alisema. "Kila mtu, pamoja na aliyekutibu."

Tokashiki alilipa akiwa amelala chali. Alisema alikuwa hajawahi kuona hospitali ya bei mbaya namna hii.

Watu waliipenda nyumba ile. Maji yake yalikuwa ya moto kupita ya nyumba zote, mpaka wageni waliingiza kidole kimoja na kukitoa haraka. Mazungumzo yalivuka ukuta kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mume aliyemaliza kuoga alimwita mke wake kwa kupiga kelele kuelekea darini, naye akajibiwa vivyo hivyo kwamba asubiri, nywele bado. Bi Kang, mama wa Kikorea aliyenunua vyuma chakavu katika vichochoro vyetu, aliongoza mazungumzo ya upande wa wanawake kila jioni, na mara nyingi aliyaongoza ya wanaume pia.

Moto wa nyumba ile ulitegemea kuni za bure. Ada ya kuoga hupangwa na serikali ya mkoa, wala mwenye nyumba hawezi kuiongeza hata yeni moja, kwa hiyo asiyepata mbao za bure au za karibu na bure hawezi kudumu. Tamezo alizipata kwenye kiwanda cha winchi za meli, ng'ambo ya reli. Makreti yaliyovunjika na mbao za kukingia mizigo melini zilirundikwa nyuma ya bohari, na mkuu wa sehemu ya bohari, mzee mpole, aliziachia zije kwa lori kila Jumatatu. Aliona kwamba wafanyakazi wake ndio wanaooga pale. Hapakuwa na mkataba. Kulikuwa na desturi tu, na desturi huishi kadiri anavyoishi mwenye kuitunza.

Mwaka uliofuata michezo ya Olimpiki ya Tokyo, majira ya majani kupukutika, mzee yule alistaafu. Mahali pake akaja mtu anayeitwa Inokuma. Alitoka tawi la Okayama, amewaacha huko mke na watoto ili wasikatishe masomo, akapanga chumba cha juu kwa fundi viatu, chumba kisichokuwa na bafu. Alikuwa mrefu, nadhifu, mwenye kutembea kana kwamba amembeba mtu begani asiyetaka kumwangusha. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kupata cheo chake, na katika mji ambao hakuwa na jamaa wala rafiki, cheo hicho ndicho kitu pekee alichofika nacho.

Jioni ya kwanza aliingia na vijana watatu wa ofisini kwake. Mmoja amebeba beseni lake, mmoja sabuni, na wa tatu amebeba adabu. Huyo wa tatu ndiye aliyeharibu mambo.

"Mkuu, maji yanachoma," alisema. "Nitangulie kuyapima?"

"Maziwa ya kahawa," ilisema sauti kutoka juu. "Kila mtu."

Kijana aliduwaa. Wenzake wa kiwandani wakamweleza kanuni kwa furaha kubwa, maana siku mgeni anapoingia mtegoni ndiyo siku ya kunywa. Alitoa pesa bila ubishi. Inokuma, aliyekuwa amekwisha kuvua shati, alisimama chini ya kile kiti na kuinua uso.

"Mama, nimekuwa mkuu wa sehemu kwa jasho langu," alisema. "Sikupewa jina hilo kama zawadi."

"Najua, Bwana Inokuma. Liweke kwenye kikapu pamoja na suruali. Hapa hatuibiwi."

Upande wa wanawake ulilipuka kwa kicheko, na cha Bi Kang kilisikika juu ya vyote. Inokuma aliingia majini kwa sababu kutoka nje kungekuwa aibu zaidi. Alipokaa, Tokashiki, ambaye kazini alikuwa chini yake boharini, alimwambia kwa upole kabisa, "Bwana Inokuma, kunja magoti kidogo, yamechukua nafasi ya watu wawili." Akayakunja. Alitoka mwekundu kama pweza aliyechemshwa, hakugusa maziwa yake, na kwenye ngazi ya mlango alisema, akiangalia viatu vyake, kwamba nyumba isiyojua kuheshimu watu isitegemee hisani ya watu.

Jumatatu iliyofuata lori halikuja. Tamezo alikwenda kuuliza, akaambiwa mbao zote sasa zina matumizi kiwandani. Matumizi yenyewe tuliyaona sote: zilichomwa uani, nyuma ya bohari, na moshi wake ulipita juu ya paa la nyumba ya kuogea kila alasiri.

Tamezo alihesabu kwa macho rundo lililobaki. Lingefika mwanzo wa Desemba, haliwezi kuuona mwaka mpya. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeishi maisha yake yote mbele ya mlango wa tanuri, na jambo alilojivunia ni kwamba tangu azaliwe hajawahi kufanya kazi chini ya mtu, ukimwondoa baba yake na moto. Alimwendea mke wake wakati anapiga deki.

"Mwite hilo jina," alisema. "Neno moja tu, mke wangu. Halichubui ulimi."

"Halichubui wangu. Nikimwita yeye leo, kesho nitamwita nyapara, na keshokutwa mzee wa watu anatoka tena majini akitetemeka. Unamkumbuka yule mzee?"

"Alikufa zamani."

"Wenzake hawajafa."

Tamezo alisema kanuni haiwashi moto. Hisae akajibu kwamba moto nao hausafishi nyumba iliyoingia uchafu wa namna hiyo. Wakaishia hapo, Tamezo akarudi tanurini. Ndivyo jambo lilivyosimama mbele yao: aidha neno moja litamkwe ndani ya nyumba ile, aidha dohani yake izimike.

Wateja nao hawakukaa kimya. Wiki ya pili Tokashiki na wenzake wanane waliingia wakitembea kama wanasesere wa mbao, migongo imenyooka, miguu haikunjiki. Kila mmoja alikuwa amepitisha ubao ndani ya suruali, toka kifundoni mpaka kwapani. Walizitoa mbele ya kiti cha Hisae na kuzipanga kwa fahari, wakingoja kusifiwa.

"Mmezitoa wapi?" Hisae aliuliza.

"Zilipotoka siku zote, shangazi," alisema Tokashiki. "Tofauti ni kwamba leo zimekuja kwa miguu."

"Siku zote zilikuja mchana, kwa lori, na mwenyewe anajua. Hizi zimeibwa. Zirudisheni."

"Zinachomwa bure kule. Ubao unaochomwa bure unaibwaje?"

"Akiutupa mwenyewe umetupwa. Ukiuficha kwenye suruali, hata wewe mwenyewe unajua umefanya nini. Ungekuwa halali ungeubeba begani."

Mtu wa kawaida angezipokea, angesema Mungu amemletea. Hisae hakuzipokea, na mimi namsifu kwa hilo kuliko kwa kanuni yake ile mashuhuri. Wako wengi wanaosimama imara kwa neno moja, kisha kwa ajili ya neno hilo wanajiruhusu dhambi nyingine tatu. Wanaume wale walinung'unika, wakazirudisha kwenye suruali zilimokuwa, wakatoka tena wakitembea kama wanasesere. Mlinzi wa lango la kiwanda aliwakamata wakiingia. Alikuwa amefunzwa kukamata watu wanaotoa mali ya kampuni nje. Kuhusu watu wanaoingiza ndani mali ya kampuni kwa siri hakuwa na maelekezo yoyote. Alizunguka kila mmoja mara mbili, akamgonga Tokashiki pajani kwa kifundo cha kidole, akasikia sauti ya ubao, kisha akasema wapite na wasimwambie mtu kwamba aliwaona.

Ndipo Hisae akageukia mfereji. Mifereji ya huku imejaa vipande vya mbao vinavyodondoka kwenye matishali na meli. Hupanda na maji ya bahari, hugongana na kuta, na hakuna anayevidai. Mume na mke walikwenda na mkokoteni kila asubuhi, wakavivua kwa ndoano, wakaviosha kwa maji ya bomba na kuvianika nyuma ya nyumba. Baada ya siku chache za jua na upepo vilikauka vikawa vyeupe, vyepesi, na viliwaka vizuri ajabu, kwa ndimi za kijani na buluu. Watu walikwenda kuangalia rangi ya moto wa Tamezo. Hisae alirudi kitini akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda bila kutenda kosa.

Kosa alikuwa ametenda. Bi Kang alikuja mchana mmoja kuomba maji ya kunywa, akaona rangi ya ule moto, akachuchumaa mbele ya tanuri kwa muda mrefu.

"Mbao za baharini hizi," alisema.

"Tumeziosha, dada. Zimekauka."

"Jua linakausha maji, chumvi halikaushi. Nanunua vyuma mwaka wa kumi na tano. Vinavyotoka mferejini navivunja kwa mkono kama biskuti. Usilishe chumvi chuma unachokitegemea."

Tamezo aliacha kuchochea, akamtazama mke wake. Tamezo mwenyewe alikuwa ameliona jambo hilo lakini hakulisema, kwa sababu hakutaka kurudia mazungumzo ya lile neno. Hisae alimshukuru Bi Kang, akampa chai, na baada ya kuondoka kwake akasema boila ile ya kuchemshia maji imestahimili vita na tetemeko, haitashindwa na chumvi. Lazima niseme wazi kwamba hapo alikosea. Kushika kanuni ni jambo jema, lakini mtu aliyezoea kuwa na haki katika jambo moja huanza kuamini ana haki katika kila jambo, hata katika mambo ya chuma.

Siku ya mchana mfupi kuliko zote, kila nyumba ya kuogea huku hutia majini machungwa madogo machachu, yuzu, yaelee pamoja na watu. Husemwa aliyeoga nayo hapati mafua majira yote ya baridi. Siku hiyo nyumba hujaa mpaka watu wanaoga kwa zamu. Hisae alikuwa ametia kikapu kizima kila upande, mvuke ukanukia mpaka barabarani, na Tokashiki alikuwa ameweka chungwa moja juu ya kichwa chake akidai ndilo cheo chake kipya, asiyelitambua anunue maziwa. Hapo mabomba yakakohoa. Yakakohoa tena, yakatoa maji ya rangi ya chai, kisha baridi tupu. Kutoka nyuma ilisikika sauti kama ya mtu anayemwaga ndoo kwenye jiko linalowaka, na moshi mweupe ukajaa uani.

Boila ilikuwa imetoboka. Maji yote yalikuwa yamemwagikia motoni.

Watu arobaini walibaki na povu kichwani. Wanawake waliuliza kupitia ukuta kama upande wa wanaume bado una maji ya moto, wanaume wakauliza hivyohivyo, na kila upande ukauona mwingine kuwa mchoyo kabla ya kugundua ukweli. Wakaanza kuchota maji ya hodhi yenyewe kwa mabeseni na kusuuzana vichwa, machungwa yakiwagonga, wakicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata Hisae alicheka pale juu. Kisha aliteremka, akaenda nyuma, akamkuta Tamezo ameketi juu ya ndoo, ameweka koleo magotini. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kesho yake pazia la mlangoni halikutundikwa.

Sasa watu wote wa mtaa wetu ilibidi waende kuoga Tsurumi, vituo viwili vya treni. Nyumba ya kuogea ya huko ndiyo ile ambayo Inokuma alikuwa akiiendea tangu ugomvi. Alikuwa ameizoea. Aliketi kwenye kona yake peke yake, akaoga kimya kimya, akarudi na nywele mbichi kwenye upepo wa stesheni, jambo lililompa mafua tangu Novemba. Nyumba ya Tsurumi haikuwa na kanuni yoyote kuhusu vyeo.

Jioni ya kwanza, Inokuma alikuwa amejinyoosha majini macho yamefumba, aliposikia sauti ya watu kumi na sita kwa pamoja: "Mkuu, habari za jioni!" Karibu bohari yote ilikuwa imesimama ukingoni, uchi, imeinama. Waliokuwa majini kutoka bohari walitoka papo hapo, maana si heshima mtu kukaa hodhi moja na mkubwa wake. Hodhi ikabaki na Inokuma na mzee mmoja kiziwi. Alipotoka kujisugua, walikuwa wamejipanga mstari kwa umri, kila mmoja na kitaulo chake chenye sabuni.

"Mkuu, niruhusu nikusugue mgongo," alisema wa kwanza.

Alimruhusu. Akaja wa pili. Mkuu wa sehemu akimruhusu mmoja akamkataza mwingine, amemwaibisha huyo mwingine mbele ya wenzake. Hilo Inokuma alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Akawaruhusu wote. Tokashiki, aliyekuwa wa mwisho na mwenye mikono ya kuvuta minyororo, alimsugua kwa moyo wote. Kesho yake ikawa hivyo tena, na siku iliyofuata hivyohivyo. Kiwandani alionekana akiketi bila kuegemea kiti. Tokashiki ameapa mbele ya watu, na anaapa mpaka leo, kwamba hawakupanga lolote, ilikuwa heshima tupu. Mimi simwamini, ila siwezi kusema walikosa. Walimpa mtu kile hasa alichokidai, na kwa kipimo kamili.

Kilichomwumiza zaidi hakikuwa mgongo. Alipokuwa akiingia majini, mazungumzo yalikatika. Alisikia kicheko akiwa bado anavua soksi, na alipofungua mlango pakawa kimya, pakabaki sauti ya maji tu. Katika mji wote hapakuwa na mtu wa kumwambia akunje magoti. Jambo hili alilieleza mwenyewe baadaye, mbele yangu na ya wengine, na hakulieleza kwa kujihurumia.

Wiki moja baada ya mwaka mpya lori lilisimama mbele ya nyumba ya Hisae, limejaa mbao kavu. Inokuma aliteremka, amevaa koti la kazini na kofia yenye nembo ya kampuni. Majirani walitoka milangoni. Hisae alisimama kizingitini, ndani.

"Mama Nagakura," alisema, "nimeleta kuni. Na zitakuja kila Jumatatu kama zamani. Naomba kitu kimoja. Sitaki kuombwa radhi. Nataka nitambuliwe mara moja tu, mbele ya watu hawa, niweze kurudi kazini na uso wangu."

Tamezo, aliyekuwa nyuma ya mke wake, aliangalia chini.

Hisae alivaa ndara zake. Alivuka kizingiti, akateremka ngazi mbili mpaka barabarani, akasimama mbele ya Inokuma na kuinama, si kwa shingo, bali kwa mgongo wote, kama anavyoinama mtu mbele ya kaburi la wazazi.

"Mkuu wa Sehemu Inokuma," alisema kwa sauti ile iliyopenya treni, "umetuletea kuni wakati wa baridi. Asante sana, Mkuu. Mtaa wote unakushukuru, Mkuu."

Kila "Mkuu" ilifika mpaka mwisho wa barabara. Inokuma alivua kofia, akainama naye, chini kama yeye. Kisha Hisae alipanda ngazi mbili, akavua ndara, akageuka.

"Karibu ndani, Bwana Inokuma. Viatu weka hapo."

Mabega ya Inokuma yakaanza kutikisika, na tukajua anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kumwona akicheka, na alicheka vibaya, kama mashine iliyokosa mafuta, mpaka akapaliwa. Tokashiki alisema barabara ingekuwa ndani ya nyumba, Hisae angewanywesha watu maziwa ya kahawa mpaka majira ya kuchipua.

"Maji yatakuwa moto saa ngapi?" Inokuma aliuliza akivua viatu.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba hajui habari ya boila. Kiwandani walimwambia nyumba imefungwa kwa kukosa kuni, na hakuna aliyemweleza zaidi. Hisae alimpeleka nyuma. Tamezo aliwasha taa, akamwonyesha. Inokuma alipitisha ngumi kwenye tundu lile, akaitoa imejaa kutu, akasimama akiitazama.

"Mbao za mfereji," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu."

"Wewe ulizuia kuni," Hisae alisema. "Chumvi tulitia wenyewe, na tulionywa."

Nyumba ilifunguliwa tena majani yalipoanza kuchipua, ikiwa na boila mpya na maji makali kama zamani. Lori lilikuja kila Jumatatu. Inokuma alikuwa na nafasi yake majini kati ya Tokashiki na mzee mmoja wa matishali, waliomkosoa kuhusu magoti, besiboli na jinsi ya kuwalea watoto kwa barua. Tangu siku hiyo hakujisahau hata mara moja, na wenzake walichukizwa na hilo, maana walikuwa na kiu. Kanuni haikubadilishwa hata kidogo. Hisae aliishika mpaka alipozeeka na kumwachia mkwewe kile kiti, naye anaishika.

Boila ililipwa kwa kuuza kiwanja cha nyuma, chote, mpaka ukutani kwa jirani. Hela haikutosha. Kilichobaki kililipwa na Tamezo, ambaye akiwa na miaka hamsini na miwili aliomba kazi kwenye bohari ya kiwanda cha winchi, akapewa, na kwa miaka minane, mpaka alipostaafu, kila asubuhi alivua kofia mlangoni, akainama, na kumwita Inokuma "Mkuu".